Mtu mzima kabisa, lakini mlango ukibamizwa unarudi kuwa wa miaka saba: uzi wa kupona majeraha ya utotoni

Kinanda (mleta mada)

Salaam wakuu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite, akirudi ataukuta.

Kila mada ya malezi ikipita humu lazima atokee mtu aandike: nina kazi, nina familia, sinywi, sigombani na mtu, lakini ndani siko sawa na sijui kwa nini. Anajibiwa "pole mkuu, yatapita", mada inasonga. Leo tukae na huyo mtu, maana mimi ni mmoja wao na nina miaka kadhaa ya tiba nyuma yangu.

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Aliyepata ajali mbaya ya gari ana maisha ya kabla na maisha ya baada. Mtoto aliyekulia kwenye kipigo, matusi, ulevi, kuingiliwa kimwili, au kwenye nyumba ya kimya ambamo hakuna aliyemtazama usoni, hana kabla. Hayo ndiyo yaliyomfundisha dunia ikoje. Na anayemuumiza ndiye huyohuyo anayemlisha na kumfunika shuka akiugua. Kumkimbia hawezi, kuacha kumhitaji hawezi. Kwa hiyo anafikia uamuzi ambao kwa mtoto una akili sana: mbaya ni mimi. Maana kama mbaya ni mimi, naweza kujirekebisha wakanipenda. Kama mbaya ni baba, basi sina pa kukimbilia. Uamuzi ule ulimvusha utoto. Tatizo ni kwamba hakuna aliyemwambia baadaye kwamba muda wake umeisha.

Mwaka 1992 daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, Judith Herman, alieleza kwamba utambuzi wa kiwewe uliokuwapo tangu 1980 haukutosha kuwaeleza watu walioumizwa kwa muda mrefu mahali wasipoweza kutoka. Ilichukua miongo hadi Shirika la Afya Duniani likakipa kiwewe changamani (yaani kile cha kuumizwa kwa muda mrefu) nafasi yake kwenye orodha ya magonjwa ya ICD-11, iliyoanza kutumika rasmi Januari 2022. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili, DSM-5, haujakitenga kama ugonjwa wake wenyewe. Ndiyo maana unaweza kwenda kwa wataalamu wawili, mmoja akakuambia una sonona na hofu, mwingine akakuambia ni kiwewe, na wote wakawa wanasoma vitabu halali.

ICD-11 inasemaje? Kuna dalili za kiwewe cha kawaida: tukio kukurudia kana kwamba linatokea sasa hivi, kukwepa chochote kinacholikumbusha, na mwili kukaa macho muda wote. Juu yake zinaongezwa tatu: hisia zisizoshikika (zinalipuka au zinazimika kabisa), kujiona huna thamani pamoja na aibu nzito, na ugumu wa kukaa karibu na watu. Ukiniuliza mimi, hilo la aibu ndilo linaloua wengi polepole. Hofu ina mwisho wake. Aibu unatembea nayo hadi harusini kwako.

Kwa karibu linaonekana hivi. Bosi ananiandikia, "Ukipata nafasi pita ofisini." Mikono inaingia baridi. Napekua kichwani kila nilichofanya tangu Jumatatu nikitafuta kosa, na kabla sijafika mlangoni nimeshaandaa utetezi wa makosa ambayo sikuyafanya. Naingia, kumbe anauliza kama nina nakala ya mkataba fulani. Mwanaume mzima mwenye ndevu, jasho hadi kwenye soksi.

Huo si udhaifu wa tabia. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayoitwa amigdala, kazi yake kunusa hatari, na haisubiri wewe ufikirie. Kwa mtoto aliyejifunza kutambua kwa mlio wa funguo tu kama mzazi amerudi amelewa, sehemu hiyo imefanya mazoezi kila jioni kwa miaka. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima mambo na kusema "huyu ni bosi tu", inachelewa kufika. Wengine hupigana, wengine hukimbia, wengine huganda, na wengine (mimi hapa) hugeuka watu wa kuridhisha kila mtu: ndiyo bosi, hakuna shida, nitafanya mimi. Watu wanakusifu una roho nzuri. Kumbe unaogopa.

Sasa kupona. Herman aliweka hatua tatu: usalama, kisha kukumbuka na kuomboleza, kisha kurudi kwa watu. Haziendi kwa mstari, utazunguka. Ila watu wengi wanataka kuanza na ya pili. Anataka leo hii akae chini alie yote, amalize, kesho awe mpya. Wakati bado anaishi na mtu anayempiga, hapati usingizi, na pombe ndiyo inayomlaza. Hapo utafungua kidonda bila ya kuwa na bandeji.

Usalama maana yake ni mambo ya kuchosha kuyasikia: usingizi, chakula kwa wakati, kupunguza kilevi, kutoka kwenye mahusiano yanayoendelea kukuumiza, na kujifunza kuurudisha mwili kwenye leo. Hili la mwisho lina mbinu. Ukihisi umeshikwa, taja kwa sauti vitu vitano unavyoviona, vinne unavyoweza kuvigusa, vitatu unavyovisikia, na kuendelea kushuka. Vuta pumzi, kisha itoe taratibu, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Mara ya kwanza nilijiona mjinga, namtajia nani kiti na dirisha? Lakini inafanya kazi, kwa sababu inaulazimisha ubongo kuangalia chumba ulichomo badala ya kile cha zamani.

Kuomboleza nitakuja nako chini. Karibuni tuchangie, wenye matusi wapite mbali.

Jongoo Mzee

Kila mtu siku hizi ana kiwewe. Sisi tulichapwa na tumekua, tuna adabu, tumejenga, tumesomesha. Mnawafundisha vijana kulaumu wazazi.

Kinanda

Shikamoo mzee. Hoja yako ni ya haki, naijibu kwa heshima.

Kati ya 1995 na 1997, huko San Diego, madaktari Vincent Felitti na Robert Anda waliwauliza watu wazima zaidi ya 17,000 kuhusu utoto wao: kupigwa, kutukanwa, kuingiliwa kimwili, kulelewa na mlevi, mama kupigwa mbele yao na kadhalika. Wengi hawakuwa watu wa mitaani, walikuwa na bima ya afya na elimu nzuri. Kwenye ripoti ya 1998, zaidi ya nusu walikuwa wamepitia angalau aina moja. Na kadiri aina zilivyoongezeka, ndivyo ulevi, sonona, majaribio ya kujiua na hata ugonjwa wa moyo ulivyoongezeka. Hao nao walikua, mzee. Walijenga na kusomesha. Gharama ililipwa kwingine.

Lakini upande wako nao una ushahidi. Kisiwa cha Kauai, Hawaii, mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia kwa miongo kadhaa watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955. Katika wale waliokulia kwenye mazingira magumu zaidi, karibu theluthi moja walikuja kuwa watu wazima imara. Na wengi walioharibikiwa ujanani walikuwa wamejirudi walipofika umri wa miaka arobaini. Kilichowasaidia mara nyingi kilikuwa mtu mzima mmoja aliyewajali bila masharti: bibi, mwalimu, jirani. Huenda nawe ulikuwa naye. Sitaki kukuvua hilo. Nakuomba tu usimwambie asiyekuwa naye kwamba mlianzia mahali pamoja.

Na alama za utafiti ule wa San Diego (idadi ya aina alizopitia mtu) zinaonyesha hali ya makundi makubwa ya watu. Mtu asizichukue akajipigia ramli kwamba ameshaharibika.

Nusu Mkeka

Mkuu umenigusa pabaya. Swali langu: mimi sikumbuki. Kuanzia kama miaka sita hadi kumi ni giza, vipande vipande tu. Kuna mtu anajitangaza kwamba anaweza kumlaza mtu usingizi na kufukua kila kitu. Niende?

Muuguzi wa Zamu

Naomba nijibu mimi, nafanya kazi kwenye wodi ya afya ya akili. Usiende.

Sababu ni hii. Kumbukumbu haikai kama picha kwenye albamu. Kila ukiikumbuka unaijenga upya, na mtu mwingine anaweza kukusaidia kuijenga vibaya. Mwaka 1995 Elizabeth Loftus na mwenzake walichapisha jaribio ambamo watu walisimuliwa kwamba walipotea dukani utotoni, jambo ambalo halikutokea. Takriban robo yao walianza "kulikumbuka", kikamilifu au kwa sehemu, wengine na vipengele vyake. Sisemi wanaokumbuka baadaye ni waongo. Mtu anaweza kupitisha miaka bila kuligusa jambo kisha likamrudia. Nasema anayekuahidi kufukua ana uwezo pia wa kufukia kitu ambacho hakikuwapo, halafu utaishi nacho.

Huhitaji filamu nzima ili upone. Tiba inashughulika na yanayokutesa sasa: huwezi kulala mlango ukiwa wazi, unaganda ukiguswa bega kwa nyuma, unamchukia mwenzako kila akikukaribia. Hayo unayakumbuka vizuri sana. Giza la miaka sita hadi kumi linaweza kubaki giza na wewe ukawa mzima.

Dada wa Kati

Nimesoma kila neno. Langu ni la kuomboleza ulilosema utakuja nalo. Mama yangu alinitesa, kaka zangu hakuwagusa. Sasa ni mzee, anaumwa, na katika watoto wote mimi ndiye ninayemuuguza. Ukoo mzima unaniambia samehe. Na mimi nataka, nampenda hata. Lakini nikimwogesha mikono yangu inatetemeka. Juzi alinishukuru, mara ya kwanza maishani. Nilitoka nje nikalia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona. Mbona nilikasirika aliposhukuru?

Kinanda

Dada pole. Swali lako limenikalisha kimya hapa.

Nadhani ulikasirika kwa sababu kumbe alikuwa anaweza. Miaka yote ulijiambia ndivyo alivyoumbwa, hana lugha laini. Sasa ameitoa, siku moja, bila shida, na hapo ukaona ukubwa wa ulichonyimwa. Hapo ndipo kuomboleza kunapoanzia. Mtu anayeumia kwa kipigo anajua anachokililia. Anayelilia alichokosa anaona kama analia bure, maana hakuna maiti, hakuna tarehe, hakuna wa kumpa mkono wa pole. Unamlilia mama ambaye hakuwapo wakati mama yupo chumba cha pili anaomba maji.

Kuhusu kusamehe, huu ni msimamo wangu na wengi watanipinga: msamaha unaoletwa mapema na ukoo ni njia ya kukunyamazisha ili wao walale vizuri. Mtoto ameshazoea kumeza hisia ili nyumba itulie. Mkimwambia asamehe kabla hajaruhusiwa kusema alitendewa nini, mnamrudisha kazini. Kama msamaha utakuja, uje nyuma ya ukweli na nyuma ya hasira. Na usipokuja, utapona vilevile. Wapo waliopona bila kusamehe, na wapo waliosamehe wakabaki wagonjwa.

Lakini la kuuguza ni la vitendo zaidi. Kwani kaka zako wana mikono ya aina gani? Kumwogesha ndiko kunakokutetemesha, basi tafuta mtu mwingine amwogeshe, wewe shika dawa, hospitali na hesabu. Unaweza kumtunza mama yako bila kuugusa mwili uliokupiga.

Dada wa Kati

Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba naweza kugawanya. Nashukuru. Nitampigia kaka mkubwa leo, atasema yuko safarini, nitamwambia arudi.

Kipepeo Baridi

Mimi mke wa mtu wa aina hii. Mume wangu mwema, hajawahi kuninyanyulia mkono. Lakini tukibishana hata kwa jambo dogo anaondoka. Sisemi anatoka nyumbani. Anakaa palepale, macho yapo, yeye hayupo. Namuita haitiki. Zamani nilidhani ni dharau, nikawa napaza sauti ili anisikie. Nifanyeje?

Muuguzi wa Zamu

Dada, ukipaza sauti unamsukuma mbali zaidi. Hapo mwili wake umefanya kilichomsaidia alipokuwa mdogo, yaani kutoka kiakili pale ambapo miguu haikuweza kutoka. Hachagui.

Shusha sauti, kaa chini kama ulisimama, usimzibie mlango. Mwambie sentensi fupi za sasa: "Ni mimi. Tuko nyumbani. Hatugombani tena." Usimguse ghafla, muulize kwanza. Akirudi, usiendeleze ubishi papo hapo. Siku nyingine, mkiwa wazima, kubalianeni neno au ishara atakayotumia akihisi anaanza kuondoka, na muda wa kupumzika, kisha mrudi kwenye hoja. Kurudi ni lazima. La sivyo hasira zako zitakosa pa kwenda na utaumia wewe, na ndoa ina watu wawili. Nakusisitizia hilo kwa sababu wenza wengi humaliza miaka wakichunga maneno hadi wanasahau kwamba nao wana haki ya kukasirika.

Mchele Mmoja

Tiba ni ya wenye pesa. Sisi wengine?

Kinanda

Ni kweli inauma, sitakupamba maneno. Lakini kuna jambo la kujua. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, walibuni tiba ya kusimulia maisha, na waliijaribu kwenye makazi ya wakimbizi nchini Uganda. Huko Nakivale, mojawapo ya makazi hayo, waliosimamia tiba hawakuwa madaktari. Walikuwa watu wa kawaida kutoka jamii hizohizo za wakimbizi waliopewa mafunzo, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha dalili za kiwewe zilipungua.

Inavyokwenda: unalaza kamba sakafuni, huo ndio uhai wako tangu kuzaliwa. Unaweka jiwe palipotokea baya, ua palipotokea jema, kwa mpangilio wa miaka. Kisha, kikao baada ya kikao, unasimulia kuanzia mwanzo wa kamba, na ukifika kwenye jiwe unalisimulia polepole: ulikuwa wapi, uliona nini, mwili ulihisi nini wakati ule, unahisi nini sasa. Msaidizi anaandika, anakusomea, unasahihisha. Jiwe halitoki kwenye kamba. Ila linapata mahali na mwaka wake, linaacha kuzagaa kila siku ya maisha yako.

Tafadhali usiifanye peke yako chumbani usiku. Kamba na maua unaweza kuweka mwenyewe, mawe yasimulie mbele ya aliyefunzwa. Ulizia hospitali ya umma yenye kitengo cha afya ya akili, vyuo vinavyofundisha ushauri nasaha, mashirika yanayohudumia waathirika wa ukatili. Vikundi vya watu waliopitia hali moja navyo ni dawa, kwa sharti kwamba hapatakuwa na mashindano ya nani aliteseka zaidi.

Nusu Mkeka

Na dawa za hospitali je? Nilipewa vidonge vya kulala.

Muuguzi wa Zamu

Zipo dawa za sonona, kama sertraline na paroxetine, zinazotumika pia kwa kiwewe. Hazifuti historia, zinashusha kelele ili uweze kufanya kazi ya tiba. Wengine wanazihitaji, wengine hapana. Vya kulala vya jamii ya diazepam ndivyo vya kuangalia: vinatuliza usiku huu lakini mwili unavizoea haraka, na miongozo mingi ya tiba ya kiwewe haivishauri. Usiviache ghafla kama umevitumia muda, rudi kwa aliyekuandikia akupunguzie taratibu.

Na yeyote anayesoma hapa akiwa na mawazo ya kujitoa uhai: usisubiri miadi. Nenda hospitali iliyo karibu leo, idara ya dharura, na umwambie mtu mmoja aliye karibu nawe maneno yenyewe bila kuzunguka. Nimewapokea wengi. Hakuna aliyewahi kutusumbua.

Mchele Mmoja

La mwisho kutoka kwangu. Nitamjuaje mshauri mzuri? Wa kwanza niliyempata kikao chote alinisimulia ya kwake.

Kinanda

Huyo umemkimbia kwa haki.

Muulize mapema: umefunzwa tiba gani ya kiwewe? Kati ya zinazotajwa kwa watu wazima na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2013, zipo hizi mbili. Moja ni tiba ya kubadili fikra na mwenendo iliyolenga kiwewe. Ya pili ni EMDR, aliyoianzisha Francine Shapiro mwaka 1987, ambapo unashika kumbukumbu akilini huku macho yakifuata kidole au taa kwenda huku na huku. Wataalamu wanabishana kama macho yenyewe yana kazi, lakini wagonjwa wengi wanapata nafuu. Ubishi mwingine ni kama lazima upitishe miezi mingi ukijijenga kabla ya kugusa kumbukumbu. Mimi nilihitaji. Wapo waliocheleweshwa bure wakati walikuwa tayari. Kwa hiyo muulize anakuonaje wewe, asikupe ratiba ya kila mtu.

Halafu jaribu kumkatalia jambo dogo. Mwambie, "Leo hilo sitaki kulizungumza." Sisi tuliolelewa tukiogopa wakubwa, hapo ndipo tiba yenyewe ilipo: unasema hapana kwa mtu mwenye mamlaka, na unaangalia anafanya nini. Akikubali bila kununa, una mahali pa kuanzia. Na kama kila kikao kinakuacha umevurugika wiki nzima, huli, hulali, mwambie apunguze mwendo. Asipopunguza, badilisha mshauri, na huna haja ya kumwandikia barua ya kuomba radhi kama nilivyotaka kufanya mimi.